Mji Uliokuwa Ndani ya Chuma

Juzi nilipita kwa kijana mmoja mshona magodoro pale Mulongwe, hapa Uvira, nikamkuta amemwaga pamba juu ya turubai anaipiga kwa fimbo ili ifunguke. Vumbi lake likaniingia puani, nami nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma. Kijana akaniuliza kama nataka godoro la mutu moja ao la batu wawili. Nikamwambia sitaki godoro. Akanitazama kwa mashaka, na sikumlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe mtu akisimama mbele ya meza yangu ya vitenge bila kuuliza bei, naanza kuvihesabu kwa macho.

Harufu ya pamba mbichi, ikichanganyika na grisi na maji yanayochemka, ndiyo harufu ya baba yangu. Ninyi wa rika langu mliokulia kati ya mto Mulongwe na bandari ya Kalundu mnakikumbuka kiwanda cha pamba, na najua wengine wenu mtabisha kwamba hakikuwa namna hii. Bisheni tu. Nyinyi mlikitazama kupitia tundu za ukuta, mimi nilipeleka chakula humo ndani kila siku ya kazi, ugali kwenye sahani ya bati na ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu yake, nikila mmoja mmoja njiani.

Pamba ilitoka bondeni, Luberizi na Mutarule, kwenye malori, wakulima wamekaa juu ya magunia wakiwa weupe vichwani mithili ya wazee. Mashine za kuchambua zilitoa mbegu upande huu na nyuzi upande ule, na zote zilizungushwa na mvuke wa shodyeri. Ndivyo walivyoliita lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji, lililolala chini ya paa la mabati, refu kuliko nyumba yetu. Baba ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Aliamka mapema kulitazama kabla hajatutazama sisi, na mama alikuwa akisema wazi kwamba ameolewa uke wenza na chuma.

Kwenye mlango wa shodyeri palikuwa na herufi nene zilizoinuka, zimetoka pamoja na chuma chenyewe. Baba alizisugua kwa kitambaa chenye mafuta mpaka zikang'aa. Shuleni kwa masista walitufundisha kusoma maneno ya Mungu, lakini neno la kwanza nililolisoma peke yangu, kidole juu ya kila herufi na bila kusaidiwa na mtu, lilikuwa lile la mlangoni. PITTSBURGH.

Habari za mji huo tulizipata kwa muzungu mekanisye, fundi mkuu wa mitambo na bosi wa baba, Mbelgiji mwenye tumbo na sauti ya chini. Baba yake mzazi alikuwa fundi wa vioo aliyekwenda huko Amerika kutafuta kazi, akarudi kwao na pesa kidogo na kifua kibovu. Muzungu alimsimulia baba, na baba akatusimulia sisi tukiwa tunakula, kwa heshima ileile ambayo watu wengine husimulia habari za Nabii Musa. Kwamba huko mito miwili inakutana na kuzaa mto wa tatu. Kwamba vilima vyake vimejaa makaa ya mawe, na makaa yanashuka mtoni kwa mashua pana, yakapikie chuma. Kwamba moshi ulikuwa mzito hadi taa ziliwashwa saa sita mchana, na makarani walikwenda ofisini na shati la pili mfukoni, maana la kwanza lilikuwa jeusi kabla ya chakula. Na kwamba siku moja wenye kiwanda walileta walinzi wa kukodi kwa njia ya mto, wafanyakazi na wake zao wakawangoja ukingoni, watu wakauana pale pale majini. Siku ile wafanyakazi walishinda, halafu baadaye wakashindwa kabisa. Hapo baba alikuwa akitafuna polepole.

Mama hakuwa akipenda hadithi hizo. "Muzungu iko anakuambia ile yote juu ya nini?" alimwuliza. "Mutu hawezi kukupa maneno mengi bure."

Mama yangu alitoka kwa wavuvi wa upande wa Kalundu, na alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku mizani, alishuku mawingu, alishuku jirani aliyekuja kuazima chumvi huku chumvi yake ikionekana kupitia mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, alitufundisha hivyo kabla ya kutufundisha kunawa uso. Nimeirithi tabia hiyo na siionei haya.

Basi mimi, kwa akili ya mtoto, niliuweka ule mji mahali pake. Niliamini uko ndani ya shodyeri. Kwa nini isiwe hivyo? Jina la mji huandikwa mlangoni pa mji. Mle ndani palikuwa na giza mchana kweupe, moto wa makaa na moshi mwingi, na maji yalipita yakizunguka. Watu wake niliwafikiria wadogo, weusi kwa masizi, wenye mashati mawili mawili. Na ushahidi mkubwa ulikuwa baba mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alichukua nyundo ndogo, akagonga chuma, ko, ko, kisha akaweka sikio na kutulia. Akasogea, akagonga tena, akasikiliza. Mara akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na jambo. Mara akaguna na kusema kwa sauti, "Hapana, ile siipendi." Mimi nilimwona. Mtu hamwambii ukuta kwamba haupendi.

Nilipokua kidogo niliona aibu kuamini kwamba watu wanaishi ndani ya pipa. Nikasahihisha. Nikasema moyoni kwamba mji uko mbali kweli, Amerika, lakini chuma kilichotoka kwake kinasikia yanayosemwa huko, kama vile simu ya ofisi ya bandari ilivyosikia ya Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Nilijiona nimekuwa na akili sana.

Kisha ukaja uhuru, dipanda tulivyouimba, na wazungu wakaanza kuondoka kwa magari yaliyojaa magodoro juu. Muzungu mekanisye alikuja mpaka nyumbani kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpa baba funguo za kiwanda mkononi, akamvuta kando karibu na mlango wa gari, akamnong'oneza kitu kirefu. Mtaa mzima uliona. Mama alingoja vumbi la gari litulie.

"Alikunong'oneza nini?"

"Mambo ya kazi," baba akasema.

"Kazi gani inanong'onwa?"

Baba akacheka tu, akaziweka funguo mfukoni. Alikuwa na majivuno yake, baba, majivuno ya fundi. Alipenda awe na kitu kimoja duniani anachokijua peke yake. Leo nadhani muzungu alimwachia siri za ile mashine, valvu ipi haifungi vizuri na mengine ya namna hiyo. Lakini naandika "nadhani". Sikuwepo karibu na lile gari.

Jirani yetu Mama Riziki alianza kupita kwetu mara nyingi zaidi. Alikuwa na uso mpole na masikio mapana. Alikaa kwenye kigoda chetu, akasifu mboga za mama, halafu akauliza kwa upole kama ni kweli baba bado anapata salamu kutoka kwa wazungu wake. Mama akamwambia hakuna salamu. "Lisemwalo lipo, Mama Zawadi," akasema Mama Riziki, "kama halipo laja." Zawadi ndilo jina langu. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake nashikwa na hasira, ingawa sina ushahidi wowote dhidi yake.

Miaka michache ya dipanda ikapita, pamba ikapungua, mishahara ikawa maneno. Kisha wakaja waasi. Tuliwaita Simba walipokuwa karibu, na waasi walipokuwa mbali. Mwanzoni watu waliwashangilia kwa matawi, kwa kuwa wengi walikuwa vijana wa kwetu, wa bondeni na milimani, na kila mmoja alikuwa na lake dhidi ya serikali. Walichanjwa dawa na kumwagiwa maji ili risasi ziwe maji. Na dawa ilikuwa na miiko. Mwiko mkubwa kuliko yote ni kwamba mwanamke asimguse mpiganaji aliyechanjwa. Akimgusa, hata kwa ncha ya kidole, dawa imekufa, na yeye akienda vitani atakufa pia. Kwa hiyo tulipowaona barabarani, sisi wanawake wote, wazee kwa wasichana, tuliingia mtaroni na kukunja mikono kifuani. Mtu angedhani ni sisi tuliokuwa tunaogopa.

Komanda wao alitaka kiwanda kiende. Alisema nchi ya watu huru haiwezi kulala na viwanda vyake. Baba alifurahi kwelikweli, hakufurahia siasa, alifurahia moto. Aligonga asubuhi ile kwa muda mrefu kuliko kawaida, maana chuma kilikuwa kimelala, kisha akawasha. Moshi ukapanda juu ya Mulongwe kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi, filimbi ya mvuke ikalia, na watu wakatoka nje kutazama.

Mchana huohuo ndege ikaja kutoka upande wa bonde. Ilizunguka juu ya ziwa, ikashuka, ikapiga risasi Kalundu, ikaacha mashua zinawaka na watu wamelala kwenye mchanga. Redio ya Simba ilikuwa ikisema kila siku kwamba ndege zile ni za Waamerika. Hakukuwa na aliyehitaji kufundishwa hesabu. Fundi amegonga, moshi umepanda, ndege imekuja.

Kesho yake mimi na mama tulipofika kiwandani na chakula, tulimkuta komanda na vijana wake wenye bunduki wamesimama mbele ya shodyeri. Baba alikuwa kando yake, bado ameshika kitambaa chake. Tulibaki mlangoni. Komanda aliweka kidole juu ya zile herufi.

"Mandiko iyi njo ya nani?"

"Njo jina ya muji, komanda. Kule balitengenezea hii mashini."

"Muji ya wapi?"

Baba angeweza kudanganya. Ubelgiji ilikuwa jibu zuri, hata Ujerumani. Lakini alikuwa amezisugua herufi zile miaka yote. "Amerika," akasema.

Wale vijana wenye bunduki wakaguna wote. Komanda hakupaza sauti. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na ndiyo iliyonitisha.

"Batu banasema kila asubui uko nagonga, uko naweka sikio. Uko nasema na nani?"

"Na chuma."

"Chuma inajibu?"

Nilimwona baba akifikiri. Alikuwa ameulizwa juu ya kazi yake, na juu ya kazi yake hakujua kusema uongo. "Inajibu, komanda," akasema. "Inajibu muzuri sana. Minye naisikia."

Nadhani alitaka kuendelea kueleza. Hakupewa nafasi. Walimfunga mikono kwa kamba ya kufungia mizigo ya pamba, wakamkalisha chini, mgongo kwenye shodyeri yenyewe. Komanda alisema anakwenda kula, na akirudi, msaliti atapelekwa ufukoni. Wakati ule kila mtoto wa Uvira alijua kwamba waliopelekwa ufukoni hawakurudi, vilirudi viatu vyao tu. Akaondoka na watu wake, akaacha vijana wawili wamlinde.

Mama alitua sahani chini. Aliwatazama wale vijana vizuri, mmoja mmoja, kama anavyotazama samaki kabla ya kutaja bei. Walikuwa na chanjo mbichi kwenye vipaji vya nyuso, damu bado haijakauka. Wangekwenda bondeni jioni ile kupigana. Mama akanishika bega, akaniambia, "Zawadi, nyosha mikono. Ufanye vile ninafanya."

Akanyoosha mikono yake mbele, vidole vimetanuka, akaanza kutembea. Mimi nikafuata. Kijana wa kwanza akainua bunduki.

"Mama, ubakie kule! Usinigusie! Minye nimeisha kuchanjwa!"

"Nipige basi," mama akasema. "Nitakuangukia. Uone kama hautaguswa."

Akazidi kutembea. Sijui kama alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu zamani au lilimjia pale pale, na nilipokuja kumwuliza nikiwa mtu mzima alisema tu kwamba njaa hufundisha kupika. Yule kijana akarudi nyuma. Mwenzake akatoka upande wa pili, akajikuta ananitazama mimi, msichana mwembamba mwenye mikono ya vumbi, akaruka kama aliyeona nyoka. Tuliwazungusha shodyeri. Walilia na kusihi, "Mama, tuhurumie, tutakufa!" Kweli nawaambia, niliwaonea huruma, walikuwa wakubwa kwangu kidogo tu. Mama hakuwaonea. Aliwasukuma kwa mikono yake mitupu, bila kuwagusa, mpaka nje ya mlango, mpaka kwenye rundo la mbegu, mpaka wakageuka na kukimbia kumtafuta komanda. Kisha akarudi, akakata kamba kwa meno na kisu cha gunia, akamwinua baba kwa kwapa.

Hatukupitia nyumbani. Tulifuata ufuko kuelekea kaskazini, ndani ya matete, mpaka mahali ambapo mto Ruzizi unaingia ziwani, na ng'ambo ni Burundi. Palikuwa na mvuvi, ndugu wa ukoo wa mama, aliyetuonyesha kwa mkono kwamba tungoje. Alikuwa na mtu mwingine wa kumvusha kwanza. Tukakaa kwenye matope. Jua lilikuwa bado kali. Nyuma yetu, mbali, tulisikia risasi moja, kisha nyingine, na hatukujua zinamtafuta nani. Kiboko alipumua karibu. Niliogopa mpaka nikahisi mkojo, na katika hofu ile nikakumbuka kwamba sisi hatukuwa maskini wa msaada kama wakimbizi wengine. Sisi tulikuwa na watu wetu.

"Baba," nikasema, "ubaambie bale ba Pittsburgh bakuje batuvushe."

"Banani?"

"Bale uko nasema nabo mu shodyeri."

Baba alinitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akamgeukia mama ili wacheke pamoja. Mama hakucheka. Alikuwa amechutama, kitenge chake kimelowa mpaka kiunoni, midomo imechanika kwa ile kamba, na alikuwa akimtazama baba usoni.

"Mujibu mutoto," akasema.

Kicheko cha baba kikakatika. "Hata weye, Mama Zawadi?"

"Minye sijasema kitu. Ulisema inajibu. Mujibu tu mutoto."

Nilimwona baba yangu akitafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka majini. Akaeleza kwamba maji yanayochemka huacha ukoko ndani ya chuma, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na palipo na ukoko chuma hupasuka na kuua watu. Palipo safi, ukigonga, panalia vizuri. Palipo na ukoko panatoa sauti ya kufa. Ndiyo maana anagonga, ndiyo maana anasikiliza. Alieleza mara mbili, mikono yake yenye alama za kamba ikionyesha hewani, na mimi nilimwamini mara ya kwanza, nikasikitika sana kuupoteza ule mji.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. Mtumbwi ukaja.

Nimeishi na hiyo "sawa" yake maisha yangu yote. Alikuwa amekwenda mbele ya bunduki mbili kumwokoa mtu huyo, na alikwenda bila kujua kama ni mkweli au mwongo. Sijui kama kuna upendo unaozidi huo, na sijui kama kuna adhabu inayozidi kupendwa namna hiyo. Walizaa watoto wengine, walizeeka pamoja, hawakuwahi kugombana juu ya Amerika. Kule ng'ambo baba aliishi kwa kuziba mapipa na masufuria ya watu, na fundi wa chuma hana njia nyingine ya kujua chuma kinaumwa wapi ila akigonge na akisikilize. Lakini tulikaa chumba kimoja. Kila alipoletewa pipa aliliegemeza ukutani, akajifanya anatafuta kitambaa, anatafuta misumari, mpaka mama ajifunge kitenge aende sokoni, ndipo achukue nyundo.